Kishindo, Mbuzi Aliyechelewa Kuitika

Paukwa!

Ndiyo nini hiyo? Hiyo ndiyo Pakawa yenu? Mmeitikia kama wagonjwa wanaoomba uji. Hadithi ya leo haiwataki watu wa nusu mdomo, na kwa nini haiwataki mtajua huko mbele. Vuteni pumzi. Tena!

Paukwa!

Pakawa!

Afadhali. Kuku mmoja kule bandani amegeuza shingo. Tutafika.

Sasa, nitakayoyasema hapa hamtayaamini, na nawaambia mapema: asiyeamini asimame sasa hivi, abebe kigoda chake, aende zake. Hindi lake aliache hapo motoni, nitalila kwa niaba yake. Nani anasimama? Siwema? Nilijua. Kwa asiyemjua, huyu Siwema ni dada yangu, binti wa mama mkubwa. Yuko kidato cha nne, na tangu afike huko hakuna hadithi inayompita kooni bila kuuliza ilipimwa kwa rula gani. Haya dada, simama basi. Husimami? Kumbe unataka kusikia. Kaa, na mdomo nao ukae.

Mimi shule niliiacha darasa la sita. Siyo kwamba ilinishinda, ni mimi niliyeishinda. Siku hiyo mwalimu alisimama mbele yetu akasema, "Kila mtu ana kitu kikubwa ndani yake, na kazi ya kuishi ni kukitoa." Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, changu mimi ni kipi?" Akaniangalia, akafikiri, akaniangalia tena, akasema, "Kelele." Basi nikafunga daftari, nikaenda zangu kuitoa. Ndiyo hii naitoa kila jioni, bure, na nyinyi mnanilia mahindi.

Hapo zamani za kale, zamani sana, ila mimi nilikuwepo (Siwema, acha kunihesabia umri kwa vidole, nimekuona), palikuwa na kijiji kiitwacho Kwamdundo, ukingoni mwa mto. Watu wa Kwamdundo kazi yao ilikuwa moja tu, kutengeneza ngoma. Watoto wao walianza kupiga ngoma tumboni mwa mama zao, kutoka ndani. Kila mwaka baada ya mavuno walishindana ngoma na watu wa ng'ambo ya mto, na kila mwaka, asubuhi ya shindano, waliwamba ngoma kuu mpya.

Hapo kwenye kuwamba ndipo walipokuwa na wazimu wao. Wazee wa Kwamdundo waliamini kwamba sauti ya mbuzi huhamia kwenye ngozi yake. Mbuzi mwenye mlio mkubwa, ngoma kubwa. Mbuzi mwenye mlio mdogo, ngoma kama kikohozi cha kifaranga. Nani aliwaambia? Hakuna aliyekumbuka, na hakuna aliyeuliza. Basi kila mwaka walipita zizini wametega masikio, wakamchagua mbuzi mwenye sauti kuliko wote, wakamchinja. Ngozi ikaenda kwenye ngoma, nyama ikaenda kwenye vyungu vya wageni.

Sasa fikirini wenyewe, hata asiyemaliza shule anaweza. Ukimchinja mwenye sauti mwaka huu, na mwenye sauti mwaka ujao, na mwenye sauti mwaka wa baada yake, zizini wanabaki akina nani? Wanabaki wanaonong'ona. Zizi la Kwamdundo lilikuwa kimya kama chumba cha mtihani.

Mkubwa wa zizi hilo alikuwa mbuzi mmoja mzee aitwaye Mjomba Taratibu. Ndevu zimechanuka vizuri, kwato safi, akicheua anageukia ukutani ili asimkere mtu, akikohoa anaomba radhi. Alikuwa na miaka tisa, umri ambao pale zizini hakuna mbuzi mwingine aliyewahi kuufikia, na aliufikia kwa kutosema kitu. Kila asubuhi aliwapanga watoto wa mbuzi mstari, akawafundisha.

"Lieni nusu," alisema.

"Nusu," wakaitikia, kwa kunong'ona.

"Rukeni nusu."

"Nusu."

"Mkifurahi, furahini nusu. Hiyo nusu nyingine ifungieni tumboni, ndiyo itakayowaweka hai."

"Nusu, Mjomba. Nusu."

Watoto wazuri sana, wenye adabu. Ukiwatazama unasikia usingizi.

Sasa dada yake Mjomba Taratibu akazaa. Akazaa dume mwekundu mwenye mabaka meupe, na huyo dume alipotoka tu akafungua mdomo, akalia mara moja. Meee! Jogoo akadhani kumekucha, akawika. Mwenye shamba akasikia jogoo, akaamka, akanawa uso, akaenda shambani, akalima matuta matatu ndipo akashangaa jua limekwenda wapi. Wakamwita Kishindo.

Alifundishwa nusu. Wallahi alijitahidi. Alijiziba mdomo kwa majani, alilala na shingo chini ya tumbo la mama yake, alilia akiwa ameingiza kichwa kwenye shimo la panya. Panya wakahama. Sauti ilikuwa inatoka tu, kama ule mvuke wa chungu cha wali: bonyeza kifuniko huku, inatokea kule.

"Mpwa wangu," Mjomba Taratibu alimwambia, "utatuua."

"Mjomba, inawasha. Hapa kooni inawasha kama pilipili."

"Meza."

"Nimemeza."

"Meza tena."

"Mjomba, mwenzenu nimeshiba."

Pale zizini hakukuwa na mtu wa kumwambia neno jema juu ya sauti yake, isipokuwa mmoja, naye hakuwa mbuzi. Alikuwa kupe, kupe mmoja mnene, aliyepanga nyuma ya sikio lake la kushoto. Huyo alisema, "Mimi ukilia nabembea. Endelea."

Siku moja akapita Fundi Shemhilu. Huyu ndiye aliyekuwa akiwamba ngoma kuu ya Kwamdundo, mtu mrefu, mwenye maneno laini na kisu kikali. Akasikia Meee! Akasimama. Akasikia tena Meee! Akavua kofia. Kesho yake akarudi na chumvi kiganjani, akaja moja kwa moja kwa Kishindo.

"Bwana mdogo," alisema, "umejaliwa."

Kishindo akaangalia nyuma yake aone nani anayeambiwa. "Mimi?"

"Wewe. Lamba, lamba chumvi, usione haya. Nani anakwambia unyamaze?"

"Wote."

"Wivu huo! Wanakuonea wivu. Wewe, bwana mdogo, hapa ulipo ni robo yako tu."

"Na robo tatu ziko wapi?"

"Ahaa!" Fundi akapiga paja. "Hilo ndilo swali. Njoo nikuonyeshe."

Akampeleka karakanani. Pale katikati ilikaa ngoma kuu ya miaka iliyopita, ngozi nyekundu yenye mabaka meupe. "Unamjua huyu?" Fundi akauliza. "Huyu ni babu yako mzaa mama. Alikuwa mbuzi kama wewe, anakula maganda ya ndizi, anakanyaga mavi yake. Leo mtazame. Anasikika vijiji saba." Akachukua mkwiro, kile kifimbo cha kupigia, akaipiga ngoma. Du!

"Umesikia? Anasema karibu mjukuu wangu."

Du-du!

"Anasema mimi nimekamilika."

Du-du-du!

"Anasema mbuzi ni ngoma ambayo bado haijajijua. Jamani, babu yako ana maneno!"

 Tangu azaliwe Kishindo anaambiwa meza, na leo mtu mzima mwenye kofia anamwambia toa. Alirudi zizini anatembea kwa kwato mbili za nyuma.

"Nakwenda kukamilika!" akatangaza.

"Unakwenda kuchinjwa," akasema Mjomba Taratibu.

"Mjomba, wivu huo."

"Fundi amekwambia utakuwaje ngoma?"

"Amesema kuna kijambo kidogo hapo katikati."

"Kijambo gani?"

"Hakufafanua."

Mjomba Taratibu akaomba radhi, akakohoa, akamweka chini. Akamweleza mila. Siku ya shindano, alisema, fundi atamwita mara tatu mbele ya watu wote. Mbuzi akiitikia mwito wowote kati ya hiyo mitatu, basi ametoa sauti yake mwenyewe kwa hiari, na kisu ni halali. Akinyamaza miito yote mitatu, anarudishwa zizini, na hakuna fundi atakayemwita tena kwa ngoma mpaka afe. "Mimi waliniita nikiwa na miaka miwili," alisema. "Nikanyamaza mara tatu. Mpaka leo nipo."

"Na sauti yako, Mjomba, ni kubwa kiasi gani?"

Mjomba Taratibu akafikiri. "Sijui," alisema. "Sijawahi kuitoa." Na alisema hivyo kwa fahari, kifua mbele.

Siwema, umeacha kula. Hindi linapoa.

Mchana mmoja, Fundi Shemhilu akiwa amekwenda kukata magogo, Kupe alisema nyuma ya sikio, "Twende tukamsalimie babu yako."

"Kwani fundi yupo?"

"Hayupo, ndiyo maana twende. Mtu aliyekamilika hakosi la kusema na mjukuu wake wakiwa peke yao."

Wakaingia karakanani. Kishindo akainamisha kichwa kwa heshima. "Shikamoo, babu."

Kimya.

"Shikamoo, babu!"

Kimya.

"Shikamoo, babuuu!"

Kimya kabisa. Nzi mmoja alitua juu ya babu, akasugua mikono, akaondoka.

"Labda amelala," Kishindo akasema.

"Mgonge," Kupe akasema.

Akamgonga kwa kwato. Du. Akamgonga mara mbili. Du-du. Akarudi nyuma, akaja na pembe zake changa. Du-du-du.

"Babu, unasemaje?"

"Anasema du," Kupe akajibu. "Umempiga du, naye kasema du. Ungempiga pa, angesema pa."

"Lakini fundi alisema babu amesema karibu."

"Fundi alisema. Babu alipigwa."

Kishindo akasogeza pua kwenye ngozi. Ilikuwa na harufu ya moshi na mafuta ya nyonyo, na chini yake kabisa, mbali, harufu ya zizi. Kupe akashuka kidogo, akatembea juu ya ngozi, akasimama karibu na ukingo. "Hapa alikaa babu yangu mimi," alisema. "Nyuma ya sikio. Kishimo chake hiki hapa. Sikio silioni."

Kishindo akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu, bila kujiziba na majani, na ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake.

"Basi Mjomba anasema kweli," alisema mwishowe. "Ninyamaze mara tatu, nirudi zizini, niwe kama yeye."

"Binamu yangu amepanga kwa mjomba wako," Kupe alisema. "Anasema damu ya mzee yule ni baridi kama maji ya mtungi. Anaishi, lakini anaishi na mafua."

"Sasa nifanyeje? Wewe Kupe nishauri."

"Mimi? Ukitaka ushauri wa kunyonya, niulize, nina miaka kwenye kazi. Kwa faida yangu nakwambia nyamaza, ngozi yako ni nyumba yangu. Kwa faida yako sijui. Mimi ni kupe."

Sijawahi kukutana na mshauri mkweli kama huyo, na nimekutana na walimu saba na mkaguzi mmoja.

Siku ya shindano ikafika. Asubuhi jua kali, uwanja umefagiwa, watu wa ng'ambo wamevuka na ngoma zao na matumbo yao matupu. Pembeni vyungu vitatu vikubwa vilikuwa jikoni tayari, vitunguu vimekaangwa, maji yanachemka, vinamsubiri Kishindo. Mimi nilikuwa mgeni wa heshima, nimekaa mbele kabisa kwenye kiti chenye mgongo. Nani amecheka? Nasema nilikuwa mgeni wa heshima.

Katikati alisimama Bi Mwanamkuu, mlinzi wa mila. Bibi mfupi, mdomo mwekundu wa tambuu. Kazi yake ilikuwa kuhesabu miito kwa vidole na kuamua, na alichoamua hata mvua iliheshimu. Mbuzi wote walitolewa wakasimama kwenye lango la zizi wakitazama. Kishindo akaletwa kwa kamba. Fundi Shemhilu akaficha kisu mgongoni, akatoa ile sauti yake ya asali.

"Ewe mbuzi wa Kwamdundo, kijiji kinataka sauti yako. Unaitoa?"

Koo la Kishindo likawasha. Akameza. Kimya. Bi Mwanamkuu akanyoosha kidole kimoja.

"Ewe mbuzi wa Kwamdundo, kijiji kinataka sauti yako! Unaitoa?"

Koo likawasha kama pilipili. Macho yakamtoka maji. Akameza. Kimya. Vidole viwili.

Fundi akamsogelea, akainama, akamnong'oneza, "Bwana mdogo, unaniaibisha. Robo tatu yako inakusubiri. Babu yako anakusubiri." Kisha akasimama, akaita kwa nguvu, "Ewe mbuzi wa Kwamdundo, kijiji kinataka sauti yako! Unaitoa?"

Koo lilivimba. Masikio yalivimba. Nyuma ya sikio Kupe aliminywa akasema, "Aisee." Kishindo akameza. Kimya.

Vidole vitatu. "Mwito umekwisha," akasema Bi Mwanamkuu. "Mbuzi arudi zizini."

Watu wakaguna. Watu wa ng'ambo wakacheka, maana Kwamdundo haina ngoma mpya. Kamba ikafunguliwa. Kishindo akatembea polepole kuelekea langoni, amepona, mzima, na mbuzi wote wakampisha. Mjomba Taratibu akatabasamu. Akasogea kidogo, akapangusa kwa kwato mahali fulani pembeni yake, ukutani.

"Karibu nyumbani, mpwa wangu," alisema. "Nafasi yako hii hapa."

Kishindo akaitazama ile nafasi. Ilikuwa nafasi safi. Ilikuwa na ukubwa wa mbuzi mmoja aliyekunja miguu, asiyegeuka, asiyeruka. Akamtazama Mjomba. Akaitazama nafasi. Akakumbuka kuwa Mjomba alinyamaza mara tatu tu, na hiyo ilikuwa miaka saba iliyopita, na hakuna aliyemwita tena, na bado amenyamaza.

Akageuka. Akasimama mbele ya watu, miguu minne chini, shingo juu. Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyemwomba. Akafungua mdomo.

Meeeeeeeeeee!

Siwezi kuwaeleza. Nitawaeleza. Kofia ziliondoka vichwani. Punda mmoja wa ng'ambo alikaa chini kama mtu. Mzee mmoja aliyekuwa kiziwi miaka kumi akasema, "Nani anapiga kelele?" Mkewe akaanza kulia, kwa kuwa kwa miaka kumi alikuwa anamsema mbele yake bila wasiwasi.

Fundi Shemhilu akaruka. "Ameitika! Ameitika! Ametoa sauti, lete kisu! Kisu kiko wapi?" Kisu kilikuwa mkononi mwake mwenyewe. Akamkamata Kishindo pembe, akamlaza, akaweka goti ubavuni. Vyungu vilikuwa vinachemka. Kupe akafumba macho yote.

"Shemhilu!" akaita Bi Mwanamkuu.

"Naam, Bi Mkubwa, nachinja."

"Miito ni mingapi?"

"Mitatu, Bi Mkubwa."

"Nimehesabu mingapi?"

"Mitatu."

"Huu wa nne ameuita nani?"

 "Hakuna, Bi Mkubwa. Amelia tu."

"Amelia tu." Bi Mwanamkuu akatema tambuu. "Sauti uliyoiita ingekuwa yako. Hii hukuiita. Ni yake. Ondoa goti."

"Lakini Bi Mkubwa, ngoma! Wageni! Wote wameisikia!"

"Wameisikia, eeh. Na ukimchuna utahitaji kijiti ndipo waisikie tena. Ondoa goti, Shemhilu, kabla sijakuhesabia na wewe."

Goti likaondoka. Kishindo akasimama, akajikung'uta vumbi, akalia tena. Meeee! Mara hii ilikuwa kwa raha zake tu.

Sasa msidhani Kwamdundo walishinda. Hapana. Tulishindwa vibaya sana. Ngoma mpya hatukuwa nayo, tukashindana kwa sauti ya Kishindo, na mbuzi hajui mapigo. Analia anapotaka, ananyamaza anapotaka, na waliojaribu kumcheza waligongana vichwa. Mwanamume mmoja alicheza peke yake mpaka ndani ya mto. Lakini watu wa ng'ambo walicheka mpaka wakashikana, na mwaka uliofuata walirudi kabla ya mavuno kuisha, wakiuliza, "Yule yupo?"

Na pale langoni, mtoto mmoja wa mbuzi, yule mwenye adabu kuliko wote, akatoa mee kidogo. Akajishangaa. Akatoa nyingine, kubwa zaidi. Mama yake akataka kumziba mdomo, mdomo wa mama wenyewe ukafunguka. Kisha mwingine, kisha mwingine, mpaka zizi zima likawa linalia, kila mmoja kwa sauti yake. Nyingine zilikuwa mbaya! Kulikuwa na jike mmoja mlio wake ulikuwa kama mlango wenye kutu. Lakini ulikuwa wake, na aliutoa wote.

Hapo Kishindo akavuka mto kwenda kula majani ya ng'ambo, Kupe anabembea nyuma ya sikio, na mimi hadithi yangu naitua hapo, kama mtu anavyotua mzigo wa kuni. Nipeni hindi langu.

Nini tena, Siwema?

Vyungu? Vyungu gani?

Ah. Vile vyungu vitatu. Dada yangu anauliza, vitunguu vilikuwa vimekaangwa, maji yanachemka, wageni wa ng'ambo wana njaa, na Kishindo hakuchinjwa. Walikula nini? Mnaona hasara ya kusoma? Mtu hawezi hata kumaliza hadithi kwa amani.

Basi kuna kipande nilikiacha. Nilikiacha kwa sababu mlikuwa mnacheka vizuri.

Wageni walikaa, na mgeni hali vitunguu. Fundi Shemhilu akaingia zizini na kile kisu, achukue mbuzi yeyote, siyo kwa ngoma, kwa chungu tu, na kwa chungu hakuna miito. Akamsogelea yule jike wa mlango wenye kutu, jike akamlilia usoni mpaka fundi akarudi nyuma. Akamsogelea mtoto, mtoto akapiga kelele, mama yake akaja na pembe. Kila aliyemgusa aliwaka. Mbuzi mmoja tu alikuwa amekaa kimya mahali pake ukutani, amekunja miguu vizuri, hamkeri mtu.

Na mimi sikuwa mgeni wa heshima. Sikuwa na kiti chenye mgongo. Fundi aliuliza nani atashika kamba, na mimi nilikuwa na njaa, nikasema mimi.

Mjomba Taratibu alinyoosha shingo mwenyewe nimvalishe. Nilipokuwa nafunga fundo akaniuliza, polepole, "Kijana, kamba haikuumizi mkono?" Nikasema haiumizi. Akasema, "Samahani kwa usumbufu." Njiani alikohoa, akaomba radhi.

Alikuwa laini. Nilikula maini.

Na ngozi, kwa kuwa ilikuwepo, fundi akaiwamba. Hakutarajia kitu kwayo, ngozi ya mbuzi aliyenong'ona miaka tisa. Akaikanza motoni, akaipiga mara moja tu, kuijaribu. Wenzangu! Majani yalidondoka. Ilisikika vijiji saba, ikapita, ikaenda vijiji ambavyo hatuna majina yake. Siwema atasema ni ngozi nene ya mbuzi mzee na gogo zuri, na huenda ni kweli, yeye ndiye aliyesoma. Lakini fundi aliangusha mkwiro, na hakuuokota siku hiyo.

Kishindo aliisikia huko ng'ambo. Akavuka mto mbio, akaja akasimama mbele ya ngoma, akahema. "Mjomba," alisema, "ni wewe hiyo?"

Kimya.

"Mjomba, kumbe ulikuwa nayo?"

Kimya. Akainua kwato, akaigusa, taratibu. Ikasema du, taratibu vilevile.

Sasa ndiyo imekwisha kweli, na mkono huu ndio ulioshika kamba. Msinitazame hivyo. Geuzeni mahindi, yanaungua.

Paukwa.

Pakawa!!!

Ehee. Kuku wote wameruka.